Kichaka cha Mlangoni

Alichokiona Tuva kwanza ni kwamba kichaka kilikuwa kimechanua bila jani hata moja. Maua ya rangi ya waridi yalikuwa yamegandamana kwenye vijiti vitupu, na theluji bado ilikuwapo pembeni mwa bustani ya kuuzia miche. Chungu chake hakikuwa na kibandiko.

"Ndicho hiki!" mama mkwe wake, Gunvor, alishangilia akikinusa. "Kama kile changu cha mlangoni kilichokufa kwa baridi. Kaka, kinaitwaje?"

Muuzaji aliinama akakagua vijiti. "Tibasti, mama. Kibandiko kimedondoka. Kuna watoto nyumbani? Matunda yake mekundu ni sumu. Yanababua mdomo, na machache tu yanaweza kuua."

Damu ilimchemka Tuva. Kiangazi kilichopita mwanawe Elof alivimba midomo akalazwa hospitali, baada ya kushinda akicheza mlangoni kwa bibi yake. Madaktari hawakujua alichokula. Gunvor akautangazia ukoo mzima kwamba ni supu ya samaki ya Tuva, na tangu hapo hakuna aliyegusa chakula chake.

"Wauzaji na vitisho vyao!" Gunvor alicheka, akikumbatia chungu. "Nifungie. Sumu ni huyu mkwe wangu, kwa upishi ule!"

Tuva alimpokonya chungu. Yeye ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona, alipaza sauti watu wakageuka.

"Supu yangu haikuwa na kosa, mama. Kichaka chako ndicho kilichotaka kumuua mwanangu, na aibu yako ukanivika mimi!"