Bega Lisiloshika Rangi

Soazig alipanda hadi kanisa dogo la kilimani bila kutia kitu mdomoni, maana anayekwenda kumkabidhi mtu kwa Mtakatifu Ivo hufunga. Mumewe Efflam alikuwa kaburini tangu mavuno, kichwa kimepasuka. Siku ile jirani yao Goulven alionekana shati limelowa damu, na bado mahakama ikamwachia. Sasa ilibaki kazi ya mtakatifu. Ukimkabidhi adui yako, kabla ya mwaka kuisha mmoja wenu atazikwa, yule mwenye kosa.

Aliikaribia sanamu, akaikodolea macho. Joho jekundu lilikuwa limepakwa upya, mashavu yanang'aa, macho ya kahawia hayapepesi. Bega la kulia tu lilikuwa mti mtupu. Mafundi walipaka rangi, mikono ya wenye uchungu waliokuja kumtikisa mtakatifu ikaibandua. Akalishika, akalitikisa mpaka sanamu ikagonga ukuta.

"Ulikuwa hakimu wa kweli ulipokuwa hai. Kama haki ni yake, nihukumu mimi. Kama ni yangu, mhukumu yeye."

"Yafute hayo maneno, Soazig." Goulven alikuwa mlangoni, anahema, viatu vyake vya mti mkononi. "Nina watoto, dada yangu."

"Nami nilikuwa na mume."

Goulven alimvamia, akamkamata nywele ili amtoe pale. Soazig alimng'ata kidole hadi mfupani. Goulven akampiga kiatu cha uso, jino likatoka. Ndipo mwanamke alipoikumbatia sanamu, akaishusha kwa nguvu zake zote, na kitako cha mwaloni kikatua kwenye paji la uso la Goulven. Akaanguka. Akampiga tena, na tena, kwa furaha, Mungu amsamehe.

"Efflam alianguka kutoka dari ya ghala, amelewa," Goulven alisema, damu ikimjaa kinywani. "Nilimbeba nimlete kwako. Akanifia mgongoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Mahakamani nilisema, ukatema mate ukatoka. Nyumbani kwako nilikuja, ukaniachia mbwa."

Kisha macho yake nayo yakaacha kupepesa. Anayekata roho hadanganyi, na Soazig alilijua hilo tangu utotoni.

Alimrudisha mtakatifu mahali pake, akamfuta uso kwa aproni. Kwenye joho damu haikuonekana. Akaliwekea mkono lile bega tupu, safari hii bila kulitikisa.

"Maneno yangu umeyasikia," alisema. "Siyafuti."