Harufu Iliyoitwa Fesikh

Uliisikia harufu ile, usikane. Ilikushukia kutoka kwenye tundu la hewa juu ya kiti chako ndegeni, ukabana pua kwa ncha ya shali, ukageuza uso dirishani kana kwamba jibu lilikuwa mawinguni. Hukuuliza. Na kwa kuwa hukuuliza, Kapteni Shukri naye alipata nafasi ya kutojibu.

Ilikuwa siku moja baada ya Sham el-Nessim, sikukuu ya Wamisri ya kukaribisha machipuko, watu wakirudi Kairo kutoka Aswan wameshiba fesikh, samaki yule wa chumvi anayeachwa avunde ndipo aitwe kitoweo. Wengine walibeba mabaki mikobani. Kwa hiyo uvundo ulipoingia chumba cha marubani, injini zikibadilisha mlio, Shukri alicheka.

"Ya salaam! Kuna mtu kafungua mtungi huko nyuma."

Nermin, rubani msaidizi wake, hakucheka. "Kapteni, fesikh haiwashi macho. Haya ni mafuta ya injini. Tuvae barakoa za oksijeni."

"Binti yangu, uvae mkonga wa tembo kwa sababu ya samaki wa watu? Watatuimba mpaka Iskanderia."

"Waimbe. Kichwa kinanigonga."

"Kinakugonga kwa vitunguu vya jana. Mama yako hakukuonya?"

Mkono wa Nermin ulikuwa umekwisha kuigusa barakoa. Akaurudisha pajani polepole, kama mtoto aliyekemewa mbele ya wageni.

Shukri alijua, na hapo ndipo penye kidonda. Nyuma ya uvundo ule kulikuwa na ladha tamu ya kuungua, imeng'ang'ania koo kama masizi ya kikaango, na kila alipoongeza nguvu ya injini ilizidi. Samaki gani hutii injini? Lakini alimkumbuka mwenzake aliyewahi kulalamikia harufu kama hiyo: walimwita Bwana Pua, wakamhamishia mezani ofisini, akazeeka akigonga mihuri. Basi Shukri akaazima jina la samaki, akajifunika nalo.

Walipotua, fundi alipanda ngazi. "Kuna lolote, kapteni?"

"Fesikh tu, bwana mhandisi."

Wakacheka wote wawili. Nermin alikuwa ameegemea ukuta, akitafuta kichwani jina la mji walimotua. Ndege ikajazwa watu wengine, ikaruka.

Majira ya joto yalipokwisha, Shukri alikwenda mtaa wa Shubra kumwona Nermin, aliyekuwa mgonjwa tangu safari ile. Mama yake alimfungulia mlango, akamwonyesha kiti, wala hakuuliza kama atakunywa chai. Katika nyumba ya Kairo, hilo ni kofi. Nermin alikuwa ameikalia mikono yake ili isitetemeke mbele ya mgeni.

"Kesho naitwa mbele ya madaktari wa leseni za urubani," alisema. "Wanasema nina woga wa kike. Eti sikuzaliwa kwa anga."

"Nitakuja, binti yangu."

"Usiniite binti. Binti ndiye aliyeondoa mkono kwenye barakoa. Mimi ni rubani."

"Nitakuja, rubani. Nitawaambia niliisikia harufu."

"Harufu hata wahudumu waliisikia. Waambie ulinisikia mimi."

Alishuka ngazi bila kuaga vizuri. Njia nzima neno lile lilimfuata. Kusikia! Pua yake ilisikia, koo lake lilisikia. Masikio ndiyo aliyoyaziba, tena kwa kicheko.

Asubuhi, mkubwa wake kazini alimpigia simu. "Shukri, kaka, umekaribia kustaafu kwa heshima. Msichana atapona. Jina la shirika likichafuka halioshwi."

"Na mikono yake inayotetemeka inaoshwa kwa kitu gani?" Shukri aliuliza. Simu ikakatwa.

Sasa yuko kwenye benchi, nje ya mlango wa madaktari. Ndani, sauti ya Nermin inapanda, inakwama, inaanza upya. Glasi inagongana na meza, maji yanamwagika. Daktari anauliza, kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua: "Na nani mwingine alikuwamo akaisikia harufu hiyo?"

Shukri anainuka. Mkono wake unashika kitasa.

Usimwache aingie peke yake. Nawe ulikuwamo ndegeni. Inuka ulipokaa, bisha hodi, useme ulichosikia. Si kesho. Sasa, angali anaulizwa.