Jicho la Pili la Bibi Paskalina

Samuye nzima hakuna ajuaye ng'ombe kama Bibi Paskalina, na ukibisha atakwambia mwenyewe: hajawahi kudanganywa na ng'ombe hata mmoja. Isipokuwa yule dume ambaye Bibi alimchuchumalia alfajiri moja ili amkamue, kibuyu cha maziwa mkononi. Lakini kulikuwa na giza, na dume naye hakusema kitu.

Ndiyo maana ukoo ulimtuma yeye kukagua mahari ya mjukuu wake, Limi. Akiwakubali ng'ombe, Limi anaolewa Jumamosi. Akiwakataa, bwana harusi arudi alikotoka.

Bwana harusi aliitwa Luka, dalali wa dhahabu kutoka Kahama, kijana wa kuvaa viatu vyeupe msimu wa tope. Ng'ombe wake aliwasimamisha ng'ambo ya mbuga iliyojaa maji, mbali kiasi kwamba walionekana kama mbuzi waliopotea njia.

"Shikamoo, Bibi. Usihangaike kuvuka, utateleza. Nimekuletea mtaalamu."

"Marahaba. Sikujua kwamba siku hizi ng'ombe wana mtaalamu wa kuwatazama."

Mtaalamu mwenyewe alikuwa Valerian, mpiga picha za harusi wa Nyasubi, huko huko Kahama, amening'iniza kamera yenye lenzi kama mchi. Akamshikisha Bibi.

"Chungulia kwenye kitundu hiki, fumba jicho jingine."

Tatizo, Bibi Paskalina tangu azaliwe hajaweza kufumba jicho moja. Akifumba la kushoto, la kulia linalifuata. Akachungulia yote yakiwa wazi. La kulia, lililokuwa kitunduni, likaona ng'ombe mwekundu, mnene, nundu kama kichuguu. La kushoto, lililobaki nje, likaona yule yule mbuzi.

"Mbona mmoja ni mama na mwingine ni mtoto wake?"

"Ni uzee huo, Bibi," Luka akacheka. "Kamera haiongezi kitu."

"Wabeja, asante kwa kuniambia nimezeeka. Nyumbani sina kioo."

Akashika pete ya lenzi, akaizungusha. Ng'ombe wa kulia akakonda. Akazidi kuzungusha, naye akazidi kukonda kama aliyepitiwa na kiangazi, mpaka akalingana na wa kushoto, wakalaliana, wakawa mmoja.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Hamsini," Valerian akajibu, na kwa kuwa akiulizwa kazi yake hawezi kunyamaza, akaendelea: "Kwa kamera hii, lenzi ikiwa hamsini hivi, kitundu kinaonyesha karibu sawa na macho yako. Ukienda mia mbili, kinakuza mara nne. Ukirudi ishirini na nne, hata tembo anakuwa panya..."

Luka akamkanyaga kwa kile kiatu cheupe, ambacho sasa hakikuwa cheupe.

"Kumbe!" Bibi akasema. "Na sisi wafugaji tunahangaika na pumba, wakati ng'ombe ananenepeshwa kwa vidole viwili."

"Bibi, wanene, wembamba, ni wangu. Nimewalea mwenyewe."

"Huyo mwekundu pia?"

"Tangu ndama! Hata alama ya sikio nilimkata kwa mkono wangu."

"Sikio lipi?"

Luka akakaza macho ng'ambo ya maji. Kwa umbali ule ng'ombe hakuwa na masikio, alikuwa na tetesi za masikio.

"La kulia," akasema.

Bibi akairudisha pete mpaka mia mbili, akachungulia kwa raha zake, kisha akampa Luka kamera.

"Fumba jicho moja, mwanangu. Wewe unaweza."

Luka akachungulia. Lenzi aliyoileta mwenyewe ikamsogezea ng'ombe mpaka mbavuni. Sikio la kulia lilikuwa zima kama siku alipozaliwa. Na pajani kulikuwa na alama ya moto ya zizi la Bujiku, jirani wa Bibi, ambaye ng'ombe wake huazimwa kama masufuria ya harusi.

"Nimesema la kulia?" Luka akauliza, jicho bado kitunduni. "Nilimaanisha la kushoto."

"Litazame basi na la kushoto."

Akalitazama. Nalo lilikuwa zima.