Nduma za Maji ya Kuoga

Mume wangu Thuranira anapenda nduma kuliko anavyonipenda mimi. Nililijua hilo kabla hajanioa, kwa hiyo silalamiki. Ninacholalamikia ni kwamba mwaka huu alinifanya nioge nikiwa nimesimama ndani ya karai.

Mambo yalianza mwezi wa saba, kamati ya wakaazi wa mtaa wetu hapa Embu ilipotuita baada ya ibada kutusomea sheria mpya. Aliyesoma ni mwenyekiti, Kinyua, jirani yetu wa ukuta mmoja. Kinyua ana miwani ya kusomea ambayo huivaa hata asipokuwa na cha kusoma, na siku hiyo alikuwa na karatasi tatu. Unaweza kufikiria furaha yake.

Kwanza, maji. Mvua ilikuwa imetukimbia, kwa hiyo mifereji ya bomba ingefunguliwa Jumanne na Ijumaa tu, mwisho saa sita mchana. Ilikuwa marufuku kuosha gari kwa mpira wa maji, na marufuku kumwagilia shamba au maua kwa maji ya mfereji. Atakayepatikana atafungiwa mfereji miezi mitatu. Pili, taka. Lori halingeingia tena vichochoroni. Kila Jumatano tuzipeleke wenyewe makutano ya barabara, za kuoza kwenye ndoo na zisizooza kwenye gunia. Ukichanganya, zinaachwa pale pale zikiwa zimebandikwa namba ya nyumba yako, watu wapite wakusome. Tena maji machafu yasimwagwe njiani.

Watu walinung'unika. Thuranira hakunung'unika. Nilimwona akikuna kidevu, nami nikajua kuna balaa linapikwa, kwa sababu nimeishi na kidevu hicho miaka thelathini na moja.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mitaro minne ya nduma. Thuranira alikuwa mtu wa ofisi ya kilimo kabla hajastaafu, na mitaro hiyo aliichimba mwenyewe akaitandika nailoni chini ili maji yasipotee. Nduma, ambazo wengine huziita magimbi, ni mmea wa kunywa sana, usipozipa maji zinakukunjia uso. Na hizi hazikuwa nduma hivi hivi. Binti yetu Gatwiri, anayefundisha huko Kanja, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kiambere. Wakwe walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, Thuranira aliinuka bila kuulizwa na mtu akasema, "Siku ya mahari mtakula nduma za mkono wangu!" Mzee Njoka, baba wa kijana, akajibu kwa upole kwamba hatasahau. Sasa, neno ukishalisema mbele ya wakwe huwezi kulirudisha mdomoni.

Asubuhi iliyofuata mkutano, mume wangu alipita nyumba kwa nyumba na toroli. Aliwaambia majirani wasijisumbue kwenda makutano na maganda ya ndizi. Wampe yeye, atayaozesha yawe mbolea. Na yale maji waliyokatazwa kumwaga njiani, ya kufua, ya vyombo na ya kuoga, wamletee pia. Sabuni ya kipande ilikubaliwa, jiki ya kung'arishia nguo ilikataliwa kabisa. Kufikia mwezi wa nane ua wangu ulikuwa na foleni ya mabeseni, na mimi nilikuwa nimeamriwa kuogea ndani ya karai ili hata tone la kisigino lisipotee. Jumuiya ya maombi ilipoomba mahali pa kukutana, alijitolea nyumba yetu wiki tano mfululizo. Watu walimsifu kwa imani. Mimi nilijua ni hesabu. Watu thelathini wananawa kabla ya kula, wananawa tena baada ya kula, na beseni linaenda nyuma ya nyumba.

Nduma zikawa kijani mpaka zikatia aibu, kwa maana mtaa wote ulikuwa umekauka. Nyasi za Kinyua, ambazo alizileta kutoka Nairobi zikiwa zimeviringishwa, zilikufa zote. Kila asubuhi alisimama akachungulia juu ya ukuta, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa siku ya mahari ilikuwaje. Mwezi wa tisa Thuranira alienda Meru kumzika mjomba wake, akakaa juma zima. Juma hilo maji ya Jumanne hayakuja. Hakuna aliyefua, waliooga walikuwa wachache, na mabeseni hayakufika. Kufikia Ijumaa majani ya mtaro wa mwisho yalikuwa yamelala kifudifudi. Nilisimama pale nikaona sura ya mume wangu atakaporudi, nikashindwa. Nilimhurumia. Ni mtu msumbufu, lakini ni wangu. Maji yalipofunguliwa, nilivuta mpira, nikazinywesha nduma maji safi ya mfereji, kama mitungi minane ya lita ishirini. Kisha nikaukunja mpira nikanyamaza.

Thuranira aliporudi alienda nyuma ya nyumba kabla hata ya kunisalimia, akarudi akitabasamu. "Umezitunza," akasema. Nikaenda kumwekea chai.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Wakwe walikuja watu ishirini kutoka Kiambere, wakiongozwa na Mzee Njoka na mama yake, bibi mwembamba ambaye wote walimwita Cucu, aliyevaa sweta ya zambarau juani. Gatwiri na binamu yake walipita na birika na beseni wageni wanawe. Nilikuwa nimemwambia Thuranira siku hiyo moja tu maji hayo yamwagwe kistaarabu, lakini macho yake yalilifuata beseni mpaka likapotea mlangoni. Nduma zikaletwa zikifuka moshi, pamoja na chai. Mzee Njoka akamenya moja, akaonja, akafumba macho.

"Mkwe," akasema, "ulisema na ukafanya."

Ndipo Kinyua akaingia getini. Alikuwa na msichana wa watu wa maji, Winrose, aliyebeba kitabu cha risiti na uso wa mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko.

"Samahani wageni," Kinyua akasema, "hii ni mambo ya kamati, haitachukua time. Mtaa wote umekauka. Hapa kuna nduma kijani. Na tangu sheria ianze, ndoo ya taka za kuoza ya hii nyumba haijawahi fika makutano hata siku moja. Hawa watu wa hii nyumba wako na sheria yao."

Mzee Njoka akairudisha nduma kwenye sahani. "Unasema mkwe wangu anaiba maji?"

"Mimi sijasema kuiba, mzee. Nimeuliza tu hizi nduma zinakunywa nini."

Wageni wote wakamgeukia Thuranira. Nilimwona akipima. Akikaa kimya, Gatwiri ataolewa akiwa binti wa mwizi wa maji, kama ataolewa. Akisema, wakwe watajua walichokula. Akavuta pumzi.

"Zinakunywa maji ya kuoga," akasema. "Na ya kufua. Na ya vyombo. Taka za kuoza ziko chini yake, ndiyo mbolea."

Mjomba mmoja wa upande wao aliacha kutafuna, shavu likiwa limejaa. Alimtazama mkewe ili amwambie ameze au ateme, na mkewe akatazama dari.

"Maji ya kuoga ya nani?" Cucu akauliza.

"Ya mtaa wote, Cucu. Hata ya huyu Kinyua."

"Yangu?" Kinyua akaruka. "Mimi sijawahi kuleta maji hapa!"

Mkewe, Ann, alikuwa jikoni kwangu akisaidia kupika. Akatoka na mwiko mkononi. "Mimi ndiye naleta, Baba Mwende. Jumanne ya nguo, Ijumaa ya kuoga. Ulisema yasimwagwe njia. Ulitaka niyaweke wapi?"

Cucu akamkagua Kinyua pole pole kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akafika tumboni akakaa hapo kidogo. Kisha akachukua nduma nyingine.

"Kwetu maji hufanya kazi tatu ndio yapumzike," akasema. "Haya yamefanya mbili tu. Niongezee chai."

Watu walicheka mpaka yule mjomba akameza bila kupenda. Hata Winrose alicheka akafunga kitabu. Mambo yangeishia hapo, na mimi ningekufa na siri yangu. Lakini kuchekwa kulikuwa kumemchoma Kinyua.

"Na mpira?" akasema. "Ile Ijumaa ulikuwa umeenda matanga, nilichungulia nikaona mpira hapa umelowa. Hiyo nayo ilikuwa ya kuoga?"

Thuranira hakujua lolote, na ndiyo sababu alikasirika kwa haki. Akasimama. "Hakuna tone moja la mfereji limegusa nduma zangu. Niko tayari kuapa saa hii, mbele ya wakwe." Akamwita Gatwiri, akamwekea mkono kichwani. "Naapa kwa kaburi la mama yangu, na kwa huyu mtoto ninayemtoa leo..."

Sisi ni Wakristo. Tunaimba, tunatoa sadaka, na ukituuliza tutakuambia mambo ya zamani tuliyaacha. Lakini kiapo cha uongo hatukukiacha, tunakiogopa mpaka leo. Hakimuumi aliyeapa peke yake. Kinamfuata mtoto, na mtoto wangu alikuwa ameinamisha kichwa chini ya mkono ule.

"Usiape!" nikasema. "Baba Gatwiri, toa mkono. Ni mimi."

Nikasema yote: matanga, Jumanne iliyokauka, majani yaliyolala, mpira. Winrose akafungua kitabu tena, bila furaha.

"Mama, ni kiasi gani?"

"Kama mitungi minane."

"Ungesema ni mmoja," akanong'ona, lakini akaandika. Mfereji ungefungwa Jumatatu, miezi mitatu. Kinyua alifungua mdomo aongeze neno, Ann akamwonyesha mwiko.

Mzee Njoka akasema watu wake watatoka kidogo wakashauriane, kama ilivyo desturi. Wakaenda nyuma ya nyumba, huko huko kwenye nduma. Gatwiri alikaa karibu nami akanishika mkono, wake ukiwa baridi. Thuranira hakunitazama. Alitazama sahani. Nilitamani anitukane, ningejua pa kuanzia.

Walikaa muda mrefu. Waliporudi, Mzee Njoka alikohoa.

"Tulikuja hapa kuuliza kama nyumba hii ina ukweli," akasema. "Tumeambiwa hata ambayo hatukuuliza. Mengine afadhali tungeambiwa baada ya kula."

Cucu akamkatiza mwanawe. "Huyu kijana wetu husema sana kabla ya kufikiri, alitoa kwa babu yake. Tumekuwa tukitafuta msichana wa kumwambia usiape. Kama mama yake anaweza, naye ataweza. Pokeeni mahari."

Nililia, sioni haya kusema. Mahari ikapokewa, watu wakaomba, na wageni walipoondoka kila mama wa Kiambere alibeba nduma kwenye kikapu. Yule mjomba alibeba za kumtosha yeye peke yake.

Jumatatu mafundi wakaja wakafunga mfereji. Tangu siku hiyo ninachota maji kwa Kinyua, kwa sababu sheria zake mwenyewe, karatasi ya tatu, zinasema jirani asinyimwe maji ya kunywa. Hunisimamia nikijaza mtungi. Ann naye bado huleta beseni lake kila Ijumaa, na sasa hulileta kupitia mlango wa mbele.

Lakini Thuranira alikaa siku mbili bila kuniambia zaidi ya "chumvi" na "lala salama". Si kwa ajili ya mfereji. Nilimjua. Ilikuwa ni kwa ajili ya nduma zake, alizojivunia mbele ya watu kwamba hazijaonja hata tone la mfereji.

Siku ya tatu akaniuliza, "Ilikuwa mtaro gani?"

"Wa mwisho. Ule wa kando ya ukuta."

Akachukua jembe. Akachimba mtaro wote ule, akaziosha nduma, akazichemsha yeye mwenyewe, yeye ambaye hajui chumvi inakaa wapi jikoni. Akaniletea sahani imejaa, akaketi mbele yangu mikono juu ya magoti.

"Hizi ni zako," akasema. "Ulizinywesha wewe. Kula, uniambie kama zinafikia za maji ya kuoga."

Nikamenya, nikala. Zilikuwa laini, zenye unga, tamu kuliko nduma yoyote niliyowahi kula katika maisha yangu. Yeye alikuwa ananitazama mdomo, akisubiri.

"Hazifikii," nikasema. "Hata karibu."

Uso wote ukamfunguka. Akavuta kiti akasogea karibu nami, akachukua nduma moja kwenye sahani yangu, na namshukuru Mungu hakuniambia niape.