Mtoto wa Nyumba ya Nyuki

Majina ya wale watu wa filamu hatukuyaweza. Yalikuwa marefu, yanavunja ulimi, basi tuliwapa majina yetu. Mfalme mzee tulimwita Baridi, kwa sababu hakuvua manyoya yake hata akiwa mezani. Mke wake wa pili alikuwa Mama Funguo. Na zile familia tatu zilizokuwa zinagombea kiti tuliziita kwa picha za kwenye bendera zao: Nyumba ya Nyuki, Nyumba ya Mamba, Nyumba ya Ngazi. Mwaka ule, ukimuuliza mtu sokoni Kabambare yeye ni wa nyumba gani, hakukutajia ukoo wa baba yake.

Sine, banda letu la filamu, ilikuwa nyuma ya soko: kuta za miti na plastiki ya bluu, mabenchi kumi na moja, televisheni juu ya meza. Mwenyewe ni Djamali. Diski zilimfikia kutoka Kasongo kwa pikipiki, zimefungwa ndani ya kitenge zisikwaruzwe, na kila Jumapili baada ya misa alitia moja. Watu wa filamu walisema lugha yao, chini ya picha yalipita maandishi ya Kifaransa, na Djamali alikaa kando na mikrofoni akitueleza kwa Kiswahili. Alichosema Djamali ndicho kilichotokea. Mimi nilifagia, nikapanga mabenchi, nikauza mandazi mlangoni.

"Huyu Mamba mudogo hawezi kutawala," alisema siku moja mtu wa Ngazi, Djamali akitia diski. "Mama yake walimuchukua tu. Mahari haikufika. Mutoto wa vile iko wa kwa wajomba."

Magloire akageuka. Yeye ni dereva wa pikipiki, na alikuwa amechora mamba juu ya tangi lake la mafuta. "Haikufika vipi? Farasi kumi na mbili ziliingia kwenye kiwanja."

"Zilikuwa za vita."

"Za vita zinavalishwa maua?"

Watu wakacheka. Aziza, muuza chumvi, mtu wa Nyuki tangu diski ya kwanza, alisubiri wamalize. "Magloire, acha farasi. Niambie mujomba wake ni nani. Mutu anataka kiti, na hatujaona mujomba wake hata siku moja anaitwa kwenye mashauri. Atamutuma nani siku ya kilio?"

Jambo lile liliwasumbua watu kweli. Familia zote zile, majumba ya mawe, na wajomba hawaulizwi kitu.

Nilipenda kuwasikiliza. Lakini sikuwa na nyumba yangu pale. Niliangalia watu wanaoangalia.

Mimi ni mke wa Déo. Déo aliingia katika shimo la dhahabu kule Salamabila, na mlima ukashuka. Wanne walitoka wazima, wawili walitolewa wamekufa, yeye na mwenzake mmoja hawakuonekana. Walichimba siku tano. Siku ya sita mlima ukasogea tena, wakaacha. Mwaka ule wa filamu ilikuwa imetimia miaka mitatu.

Katika ukoo wa Déo, kilio hakifungwi bila mwili. Mwili ukikosekana, wanaume wanakata shina la mgomba, urefu wa mtu, wanalivika nguo ya marehemu, wanalizika. Lakini nguo ile lazima itoke mikononi mwa mama mzazi. Mama asipotoa, hakuna kaburi, na mke anabaki mke. Mama mkwe wangu, Mama Emilienne, alikuwa na shati moja la Déo, la mistari, ndani ya sanduku la bati. Hakulifua, ili jasho lisitoke. Baba mkubwa Zéphirin, kaka ya marehemu mume wake, alikuja mara tatu kuliomba.

"Huo mugomba mutauzika pamoja na mimi," mama alimwambia, na kila mara alimpikia kwanza, akangoja ale ashibe, ndipo akamwambia.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne. Baba yangu kule Wamaza alituma watu kuuliza nikae kama nani. Hakuna aliyejua cha kumjibu.

Nilimpeleka mama sine ili asikae peke yake nyumbani Jumapili. Sikujua diski ya siku ile ina nini. Ilikuwa siku ya Mtoto wa Nyuki: kitinda mimba wa nyumba ile, kijana aliyeacha kusema tangu baba yake auawe. Askari wa Mamba walimfukuza mpaka mlimani, akaingia katika shimo ambamo watu wake walikuwa wakichimba fedha. Mawe yakaanguka. Vumbi likajaa televisheni nzima.

Mama alikuwa amekaa benchi ya mbele, ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Djamali alimwangalia. Nilimwona akivuta pumzi.

"Lakini nyuma ya mulima," akasema kwenye mikrofoni, "kuna tundu lingine. Atatoka. Tungoje tu."

Tangu siku ile mama alifika sine kabla ya watu wote. Na baba mkubwa Zéphirin alipokuja mara ya nne, alimwambia hivi: "Siku wataleta mifupa ya ule mutoto wa Nyuki, nitatoa shati."

Mzee alinifuata jikoni. "Mama yako amerukwa na akili?"

"Hapana, baba."

"Basi ni nini?"

Niliinama kupuliza moto.

Diski ya tisa alitokea mtu amefunga uso kwa kitambaa, katikati ya wachuuzi. Djamali alisema tu, "Muangalieni vizuri huyu." Mabishano yalidumu wiki nzima, mpaka kwenye kisima. Wa Mamba walisema si yeye, mabega ni mapana mno. Aziza alisema mtu akila chakula cha safarini mabega yanapanuka. Magloire akamwuliza ni chakula gani hicho, ampe abiria wake.

"Ni yeye," mama alisema. "Angalieni anavyotembea. Mama anajua mwendo wa mutoto."

Hata watu wa Mamba hawakubisha tena siku ile.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, nikaishia hapo. Lakini Alhamisi asubuhi, Djamali alipotazama diski mpya ili ajue ataeleza nini, mimi nilikuwa nafagia. Yale maandishi yanapita upesi, ila diski inarudishwa nyuma. Aliporudisha, nilisoma neno moja. Aliporudisha tena, nikasoma la pili. Niliyaandika kwa kalamu juu ya katoni za sabuni, nikazificha chini ya unga. Neno mort, yaani amekufa, nilifundishwa shuleni. Ilinichukua tangu mvua za kwanza mpaka mvua kwisha, nikajua: hakuna mahali wameandika tundu lingine. Mama wa Nyuki, kila akimtaja yule kijana, anasema marehemu. Na yule mwenye kitambaa ni mtu wa Ngazi tu, mpelelezi.

Nilinyamaza. Nilijiambia Kifaransa changu ni kidogo, labda nimekosea. Lakini sikuwa nimekosea, na nilijua.

Alhamisi moja ya kiangazi ilikuja diski ya mwisho. Djamali aliitazama mpaka nusu, akaizima. Akaniita.

"Dada Rosine, kaa."

Nikakaa na ufagio wangu.

"Wanafungua shimo," akasema. "Wanatoa mifupa. Na pete ya nyuki iko kwenye kidole."

"Najua ulitudanganya," nikamwambia. "Nimesoma."

Hakushtuka. Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningesema nini siku ile? Mama yako alikuwa mbele yangu pale, kama hapa na mulango. Nilisema neno moja, halafu neno lile likataka lingine. Naweza kusema ni mifupa ya mutu mwingine. Pete aliibiwa. Watu watakubali, wananizoea. Lakini weye ndiye muke. Niambie Jumapili niseme nini."

Niliangalia benchi ya mbele. Nikisema aseme kweli, mama atatoa shati, nami nitakuwa mjane, nitaenda Wamaza, au nitaolewa, au nitafanya lolote. Nikisema adanganye, tutaendelea kungoja, yeye na mimi, mpaka mmoja wetu achoke. Nilikuwa nimechoka tayari. Na niliogopa kwamba ndiyo sababu nataka kweli isemwe.

"Sijui," nikamwambia. Nikaendelea kufagia.

Jumapili watu walijaa mpaka wengine walisimama nje wakichungulia kwenye plastiki. Djamali alieleza vizuri vita vya mwisho, alieleza Baridi kufa, alieleza Mama Funguo kutupa funguo zake kisimani, na watu walipiga makofi. Kisha wakaonekana watu wenye sururu mlimani. Djamali akaweka mikrofoni chini, juu ya meza.

"Djamali, eleza," mtu alisema.

Hakueleza. Picha zikaendelea peke yake. Waliondoa jiwe baada ya jiwe. Mama wa Nyuki alishuka ndani kwa kamba, mwanamke mzee na gauni lake zito.

"Ni askari wa Mamba huyo, alikufa humo," Magloire alisema, lakini kwa sauti ya chini, naye akamwangalia mama. Nikaelewa anasema kwa ajili yake. Mtu wa Mamba, na alikuwa anamtetea Mtoto wa Nyuki.

"Ndiyo, askari," Aziza naye akasema. "Ile pete walimunyang'anya zamani."

Sine nzima ikaanza kukubaliana. Sijawahi kuwasikia wakikubaliana. Ni askari. Ni mwizi. Mutoto alishatoka nyuma ya mulima. Kwenye televisheni yule mwanamke alipiga magoti, akashika mfupa wa mkono, akasema neno, na maandishi yakapita.

Mama Emilienne hakugeuka kwao. Alinigeukia mimi mlangoni.

"Rosine. Weye ulisoma. Wameandika nini pale?"

Djamali aliangalia miguu yake.

"Wameandika: ni mwanangu," nikasema. "Nimekuja kumuchukua."

Mama aliendelea kunitazama. Macho yake hayakuwa na machozi.

"Umesoma haraka," akasema.

Niliweka sahani ya mandazi chini.

"Barua ya baba yako unaisoma asubuhi mpaka sufuria inaungua. Hii umeisoma imepita mara moja." Alisimama, akakaza kitenge chake. "Unajua tangu lini?"

"Tangu mvua kwisha, mama."

"Na ulikuwa unakaa karibu yangu hapa."

"Ndiyo, mama."

Alitoka. Watu walivuta miguu apite. Filamu iliisha bila mtu kujua nani alikalia kile kiti. Hata leo watu wa Ngazi wanasema ni wao, na hakuna anayewajali.

Siku nne mama hakunisemesha. Aliteka maji yake mwenyewe, akala chakula nilichopika, akaosha sahani yake. Siku ya pili nilimwona akienda njia ya kwa Zéphirin na kurudi. Siku ya nne, asubuhi, nilikuta shati la mistari limeanikwa juu ya kamba. Alikuwa amelifua. Nilisimama chini yake. Lilinuka sabuni tu.

Lilipokauka alilileta, akaliweka juu ya magoti yangu, akakaa mbele yangu kwenye kiti kidogo.

"Linapungukiwa kifungo," akasema. "Hapa kifuani. Nimetafuta kwenye sanduku lote. Nenda sokoni utafute kinachofanana. Sitaki aende hivi mbele ya watu."

Nilifungua ncha ya kitenge changu, pale ninapofungia ufunguo. Nikatoa kifungo. Cheupe, matundu manne, uzi wa zamani bado uko katika tundu moja. Kilikatika asubuhi Déo aliyoondoka kwenda Salamabila. Alikuwa na haraka, motard alikuwa anapiga honi ya pikipiki. Nilimwambia, acha, nitakishona ukirudi, akavaa shati lingine. Kila nilipobadili kitenge nilikihamisha.

Mama alikichukua kutoka kiganjani mwangu, akakigeuza, akakirudisha.

"Kumbe na weye ulimungoja," akasema.

Nje baba mkubwa Zéphirin na vijana wa ukoo walikuwa wamefika na panga. Tulisikia wakibishana migombani: hili fupi, hili limepinda, Déo hakuwa mfupi. Mama alinyoosha shati lisikunjamane, akanishikia, kidole chake chini ya kitambaa mahali ambapo sindano itapita.

"Shona polepole," akasema. "Leo usifanye haraka."