Mguu wa Zeritu Ubaoni

Degefu aliangusha migomba kabla ya kuwaita wanawake, na hapo ndipo alipojiponza.

Kwetu Gurage, enseti ndiyo mkate. Ni mgomba usiotoa ndizi ya kuliwa. Chakula chake kimo ndani ya shina, na shina hilo hukwanguliwa na wanawake tu. Mwanamume atapanda, atang'oa, kisha atakaa pembeni. Kukwangua hakwangui, hata afe njaa. Na mgomba ukishalala chini, jua halikubembelezi; ukichelewa, unaoza.

Degefu alikuwa na haraka. Alitaka unga uwahi kuchachuka shimoni, ili sikukuu ya Meskeli ikifika awalishe watu wa Addis Ababa waliomposa bintiye. Tena migomba yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Zeritu, mjane wa mdogo wake.

"Kichaa hana shamba," alizoea kusema. "Leo atalima, kesho atalitia moto."

Zeritu aliugua baada ya mumewe kufariki. Alisikia watu wakimsengenya ndani ya nyasi za paa, akakataa chakula akidhani kina sumu, siku moja akakimbia uchi hadi barabarani. Hayo hakuyakana. Ndipo shemeji yake akamfunga mnyororo kwenye nguzo, upande wanakolala ng'ombe, humo humo ndani ya nyumba. Majirani akawaambia amempeleka mbali, kwa watawa, kwenye maji ya baraka. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Aliyemtoa ni muuguzi wa zahanati, aliyeingia kuchanja mtoto akasikia mtu anakohoa kwenye samadi. Majirani wakadhani amerudi kutoka kwa watawa.

Sasa Zeritu huchomwa sindano kila mwezi. Sindano inamtetemesha mikono na kumkausha kinywa kama aliyelamba majivu, lakini sauti zimeondoka. Imebaki moja tu, ya mwanamke mwenye dharau, nayo huja akichoka. Huwa anaipungia mkono kama nzi. Anakaa peke yake kibandani, nyuma ya shamba lake mwenyewe, na hakuna anayemwita kazini wala msibani.

Asubuhi hiyo wanawake walifika na mbao zao na vipande vya mwanzi vya kukwangulia, wakaketi. Zeritu naye akaja na ubao wake begani.

"Wewe, nani kakuita?" Degefu akang'aka. "Mpokonyeni huo mwanzi, atamjeruhi mtu!"

"Mwanzi huu hata mboga haukati, shemeji. Migomba ni yangu, nimekuja kukwangua changu."

"Mnamsikia? Sindano imeisha nguvu hiyo."

Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha woga. Lakini Shangazi Etagegn, mkubwa wao katika kazi, akajisogeza. "Kaa hapa, mwanangu. Tuone kama mikono bado inakumbuka."

Kazi ile ina mkao wake. Unaegemeza ubao, unalaza juu yake jani nene lililobanduliwa kwenye shina, kisha unainua mguu na kulibana jani kwa kisigino, ili mikono yote miwili ikwangue. Zeritu akainua mguu wa kulia. Gauni likateleza.

Kifundo kilikuwa kimeliwa. Ngozi imekunjamana kuuzunguka mfupa, nyeusi kama kamba iliyoungua, na upande mmoja pana shimo la kuingia kidole. Siku zote alikificha ndani ya soksi. Leo alikuja peku, makusudi.

Wanawake wakainama kukitazama.

"Hayo ndiyo maji ya baraka?" akauliza Etagegn. Hakumuuliza Zeritu.

"Alikuwa hashikiki!" akasema Degefu. "Ningefanyaje? Ninyi mngemlinda?"

Swali lilikuwa na ukweli wake, likawachoma. Lakini Etagegn akaweka mwanzi wake chini, na jirani yake akaweka wake, hadi mwisho wa mstari.

Jua likapanda. Mashina yaliyopasuliwa yakaanza kubadilika rangi.

"Kina mama, jamani, yataoza! Nitawachinjia kondoo."

"Kitendawili!" akasema Zeritu.

"Tega," akaitikia Etagegn.

"Si wewe, shangazi. Ategue yeye."

Degefu akatazama jua. "Haya, tega."

"Nina ng'ombe zizini. Hakamuliwi, halimi, hauzwi, na kila siku anasikia shamba lake likiliwa."

Jibu alilijua, uso wake ulionyesha. Kulitamka ni kukiri.

"Sijui."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Addis Ababa," akasema, akijaribu kucheka kama watoto wanavyocheza.

"Kuna moshi huko. Nipe shamba la mume wangu, lote, hawa wakisikia."

Degefu akatazama mashina. "Chukua."

"Na mnyororo. Utakaa nguzoni mpaka tumalize kazi."

"Umerukwa na akili!"

"Hilo ulishawaambia wote. Chagua, shemeji. Uvundo huu wakwe zako watausikia tangu barabarani."

Degefu akawageukia wanawake. "Nenda, baba," mmoja akamwambia. "Jua likishuka unatoka. Mwenzio alikesha."

Zeritu alimfunga mwenyewe. Mikono ilitetemeka, na ile sauti ikaja: *Hutaweza, mjinga we, hutaweza.* Kufuli likalia *kwa!* Sauti ikakatika.

Wakakwangua kwa nguvu, mpaka majimaji yakawaruka usoni. Watoto wa nyumba ile wakachungulia mlangoni, wakamrushia Degefu maganda kama walivyowahi kumrushia mwingine. Adhuhuri akaita, "Maji!"

Zeritu hakugeuka. "Ukinywa sana utajikojolea, na nani atakufulia?"

Maneno hayo hayakuwa yake. Aliyarudisha kama alivyoyapokea. Wapo wanaosema kisasi hakina utamu. Labda hawajawahi kukionja wakiwa na kiu. Zeritu alikionja, na kilikuwa kitamu, na kila jani alilolikwangua lilitoka safi.

Jua liliposhuka, unga ukiwa umefunikwa shimoni, Etagegn akachemsha kahawa. Kikombe cha kwanza akampa Zeritu, na wanawake wakaketi karibu yake, magoti yakigusana. Kutoka ndani wakasikia mnyororo ukiburutwa.

Mzunguko wa pili ulipoisha, Etagegn akanong'ona, "Basi mwanangu, kazi imekwisha. Mfungue."

"Nitamfungua," akasema Zeritu, akanyoosha kikombe chake. "Kahawa ina mzunguko wa tatu, shangazi. Nimimilie, taratibu."