Nani Atabaki na Ng'ombe

Brenda alipotaja bahari, Loveness alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, na mkono ukasimama wenyewe juu ya ndizi.

"Mama, mwaka huu nakupeleka Pangani," Brenda alikuwa anasema kule sebuleni. "Kuna nahodha anapakia watu kwenye boti, mnavua samaki karibu na pwani tu, mchana mmesharudi. Nimemwona Instagram. Tukimaliza Krismasi tunaondoka."

Loveness akacheka kimoyomoyo. Mama yao Eunike, samaki? Katika nyumba ile ya Old Moshi samaki alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti. Mama alilelewa na wazee walioamini samaki ni ndugu wa nyoka, na siku Loveness aliponunua dagaa sokoni Rau aliambiwa akawapikie nje, tena kwa sufuria ya kuku. Kwa hiyo alitega sikio asikie Brenda anavyopewa vidonge vyake.

Mama akapiga makofi!

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Bahari yenyewe? Ile ya maji?" Mama Eunike alisema kwa sauti ya msichana anayechumbiwa. "Brenda mwanangu, mimi tangu nizaliwe nikifungua mlango naona mlima. Asubuhi mlima, jioni mlima. Nipeleke nikaone kitu kilicholala."

Jamani, wivu mwingine huanza taratibu, lakini huu ulimpanda Loveness mpaka masikioni kwa mkupuo mmoja. Huyo Brenda aliingia juzi tu na begi lake la magurudumu. Mwaka mzima yuko Dar es Salaam kwenye ofisi ya bima, anakula kiyoyozi. Anayeamka kukata majani ya ng'ombe ni nani? Anayempeleka mama kliniki, anayemkanda miguu, anayekaa naye umeme ukikatika na kusikiliza habari ileile ya harusi ya mwaka ule, ni nani? Loveness aliporudi kutoka kwa mume, na mume mwenyewe hakuwa wa kumlilia, alikishika kihamba kile, migomba na kahawa na ng'ombe wawili, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

"Tutaenda wawili," Brenda akaendelea. "Mimi na wewe. Dada atabaki na ng'ombe, au siyo dada?"

Kabla Loveness hajafungua kinywa, mama akamjibia. "Abaki, abaki. Wale ng'ombe hawajamzoea mtu mwingine."

Basi, mambo yakawa yamekwisha. Loveness akarudi kwenye ndizi zake na kuzimenya kwa hasira, nusu ya ndizi ikaenda na maganda.

Mama Eunike naye hakujua kukaa na jambo. Jumapili ibada ilipokwisha alisimama na wanawake wenzake nje ya kanisa akawatangazia safari yake, na Loveness, aliyekuwa pembeni ameshika mkoba wa mama, akasikia kila neno. "Ni Brenda anayenipeleka. Brenda huyu wa mwisho. Ana moyo, mtoto yule." Wanawake wakasema aisee, umezaa, Mama Loveness. Mama Loveness! Jina la kuitwa ni la Loveness, sifa ni za Brenda. Roho ilimuuma akatamani kuutua ule mkoba pale pale kwenye majani.

Kesho yake Brenda akawa anashuka mjini Moshi kusuka nywele. Akamwachia dada yake namba ya nahodha.

"Dada, nisaidie kumpigia huyu kaka, anaitwa Hatibu. Mwambie watu wawili, Jumatano baada ya sikukuu. Mimi nikiwa saluni siwezi kuongea, na anasema nafasi zinajaa." Akambusu shavuni, akaondoka na manukato yake.

Hebu fikiria! Safari ya kumnyang'anya mama, na yeye ndiye apige simu ya kuiombea nafasi. Loveness alienda nayo mpaka bandani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ng'ombe wakimtazama, akapiga na kusema anapiga kutoka Old Moshi.

"Salaam aleikum, dada yangu," ikaja sauti ya kiume, laini, isiyo na haraka. "Hujambo? Watu wa nyumbani hawajambo? Huko mlimani baridi imepungua?"

Loveness hakuwa amezoea kuulizwa mengi hivyo na mtu asiyemjua. Akasema baridi ipo, akasema anataka nafasi ya watu wawili. Hatibu akamweleza vizuri, kama mtu anayempokea mgeni barazani. Boti ni ya fiba, ina mashine na turubai la kivuli. Wanatoka asubuhi maji yakiwa yamejaa, kabla upepo haujaamka, na hawaendi mbali. Minazi ya ufukweni unaiona muda wote. Mishipi anatoa yeye, chambo anatoa yeye, kila mtu anavaa boya. Wanavua changu na tasi pembeni ya mwamba. Mgeni akichoka wanarudi, hakuna ugomvi.

Kadiri alivyoeleza ndivyo Loveness alivyoiona boti ile: mama chini ya turubai, Brenda ubavuni kwake anapiga picha. Na yeye hapo alipokaa, harufu ya mavi ya ng'ombe puani.

"Sasa dada, niulize moja," Hatibu akasema. "Hilo namuuliza kila mtu kabla sijamwandika. Kuna mwenye maradhi? Mimba, kifafa, kizunguzungu? Baharini hakuna pa kushukia, ndiyo maana nauliza."

Loveness aliapa baadaye kwamba hakupanga. Neno lilitoka lenyewe, likiwa limeshavaa nguo na viatu.

"Ni mama yetu," akasema. "Ni mtu mzima sana. Ana kizunguzungu. Huanguka hata akiwa amekaa."

Uongo mtupu! Mama Eunike alikuwa anapanda mteremko wa kanisani na mkungu wa ndizi kichwani, na akifika juu anaanza kuimba.

"Pole sana. Basi hapo nitasema hapana, dada yangu, nisamehe. Mtu wa kizunguzungu simpandishi kwenye boti yangu hata anipe nini. Mfikishie mama salamu zangu."

Loveness akakata simu. Kazi imefanyika, tena mkataaji si yeye, ni nahodha. Akajiambia amemwokoa mama na hatari. Alijiambia hivyo mara kadhaa wakati anakamua, na maziwa yakawa kidogo, kwa sababu ng'ombe naye anajua mkono wenye mambo.

Jioni akawapa habari mezani. "Nahodha amekataa. Hachukui wazee."

Alitegemea mama atasema haya, basi, mambo ya bahari si yetu. Mama Eunike aliweka kijiko chini, akaitazama mikono yake, huku na huku, kama vile ameiazima.

"Kumbe nimezeeka kiasi hicho," akasema. "Na nimeshawaambia watu."

Akaenda kulala na mtori ukabaki kwenye bakuli. Kesho yake hakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Alipoitwa na mwenzake kutoka njiani alimtuma Loveness akaseme ana mafua. Loveness akasema ana mafua. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi zaidi.

Na unajua kilichomchoma kuliko vyote? Brenda. Brenda aliingia chumbani kwa mama, akapanda kitandani na nywele zake mpya, akamkumbatia, na wakashinda humo wananong'ona. Loveness alipeleka chai, akakuta kichwa cha mama kimelala begani kwa Brenda. Alimvunja mama moyo kwa mikono yake mwenyewe, na faraja ikamwendea mwingine! Akaiweka chai kwenye kigoda, hakuna aliyegeuka, akatoka.

Sasa Brenda ni mtu wa bima, hakubali neno hapana bila kuuliza sababu. Siku ya tatu alisimama uani, akapiga simu kwa nahodha na kuiweka kwenye spika, mama akiwa amekaa kizingitini anachambua maharage. Loveness alikuwa anapita na mzigo wa majani kichwani.

"Kaka Hatibu, mimi ni Brenda, ndugu yake yule dada wa Old Moshi. Nakuomba sana, mama yetu mzee kweli lakini ana nguvu. Kwa nini hupakii wazee?"

"Nani kasema sipakii wazee?" Hatibu akashangaa. "Mama yangu mzazi naenda naye kila mwezi. Ni huyo dada yako aliyeniambia mama anaanguka kwa kizunguzungu hata akiwa amekaa. Kwani si kweli?"

Majani yakaanguka kutoka kichwani kwa Loveness. Kuku wakakimbia. Brenda akamtazama dada yake, mdomo wazi, halafu akazima simu bila hata kuaga.

"Dada! Wewe! Mama amelia siku mbili! Amelia nikiwa nimemshika! Una roho gani wewe?"

Loveness alikuwa anamtazama mama, na mama alikuwa ameinuka. Mama Eunike akakung'uta maganda kwenye khanga, akatembea polepole kupita kati yao, akafuata njia ya migombani mpaka mwisho wa kihamba, pale masale yalipopandwa kuwa mpaka. Wakamwona anachuma jani moja, refu, la kijani.

Kila Mchaga anajua isale ni nini. Ukimkosea mtu vibaya unamchumia jani lile, unampelekea kwa mikono miwili, na yeye akilipokea yamekwisha, hana ruhusa ya kukataa. Loveness akajua anachumiwa ili ampelekee Brenda. Apige magoti kwa Brenda, mdogo wake, mbele ya kuku! Kumwomba mama angeweza, hata sasa hivi, hata kwa kutambaa. Brenda hapana. Afadhali arudi kwa yule mume.

Mama akaja, akasimama mbele yake, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Shika."

"Mama, sitampelekea Brenda."

"Nani kamtaja Brenda? Hili nakuletea wewe."

Mama kumletea mtoto isale! Loveness hakuwahi kuona.

"Uliyoyasema kwa nahodha ni yako, utayajibu mwenyewe, na utayajibu," Mama Eunike alisema, na sauti yake haikuwa ya upole hata kidogo. "Mimi nina langu. Nilisema ubaki na ng'ombe. Sikukuuliza kama na wewe unataka kuona bahari. Nilikuhesabu pamoja na banda. Nimelala kitandani siku mbili najiona mimi ndiye wa kuonewa huruma, na uliponiletea chai sikugeuka. Nilikuona. Sikugeuka tu. Shika, mkono unaniuma."

Loveness akalishika. Angefanyaje? Huwezi kulikataa. Akaanza kulia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyelia mara kwa mara, na kamasi juu.

"Nilitaka kuulizwa, mama. Basi. Ningesema hapana, ningebaki na ng'ombe wenyewe. Lakini nilitaka kuulizwa."

"Yaani!" Brenda akapasuka nyuma yao. "Yaani anadanganya yeye, anaombwa msamaha yeye! Si ndiyo kawaida ya nyumba hii? Nikipiga simu kutoka Dar, 'Loveness kapika hivi, Loveness kasema vile, ngoja nimwulize Loveness.' Nimekutumia kitenge, ukaniambia Loveness kasema rangi hii hainipendezi! Mama, sentensi zako zote zinaishia kwa Loveness! Nakula peke yangu kule mjini, naongea na TV. Nilitaka siku moja, moja tu, uwe wangu, kwenye boti, mahali ambapo huwezi kuinuka ukamwite Loveness!"

Akakaa chini kwenye majani ya ng'ombe, na suruali yake ya gharama, akalia naye.

Na Loveness, akiwa na isale mkononi na machozi hayajakauka, akasikia raha. Tusifichane, ndivyo ilivyokuwa. Ilimwingia taratibu kama uji wa moto siku ya ukungu. Brenda wa Dar, mwenye begi la magurudumu, alikuwa anamwonea yeye wivu! Miaka yote hiyo! Akajaribu kuona aibu kwa kufurahi, na aibu ikaja, lakini ilichelewa.

Akaenda akaketi kwenye majani pembeni ya mdogo wake. Hakumkumbatia, wao si watu wa kukumbatiana hivyo. Alimpa ncha ya khanga yake apenge, kisha akanyoosha mkono.

"Lete simu."

Hatibu akapokea, simu ikiwa kwenye spika tena. "Kaka Hatibu, ni mimi, dada wa Old Moshi," Loveness akasema. "Mama yangu hana kizunguzungu. Hajawahi kuwa nacho. Nilikudanganya kwa sababu nilikuwa na wivu."

Kwenye simu ukasikika mluzi wa upepo.

"Alhamdulillahi," nahodha akasema. "Wenye wivu napakia kila wiki, dada yangu. Hao hawaanguki. Basi niandike wangapi?"

Loveness akamtazama Brenda. Brenda akatazama pembeni.

"Watatu," Loveness akasema. "Ng'ombe atawakamua jirani yetu Efraimu, wakimpiga teke shauri yao."

"Watatu, Inshallah. Boti yangu ina benchi moja la kivulini, mtakaa pamoja, mama katikati."

"Mimi nakaa upande wa kulia wa mama," Brenda akasema haraka, pua bado imeziba.

"Kulia nakaa mimi. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Ungekuwa unakaa naye ungelijua."

"Ndiyo maana nataka kulia, niongee naye!"

Mama Eunike alikuwa amesharudi kizingitini kwenye maharage yake. Akainua uso.

"Mwambieni huyo nahodha," akasema, "mimi nitakaa mbele naye."